Mchawi wa levo ya 3 anayeanguka kila kikao: kosa liko kwenye kuhesabu damage

Mkuu umesema mchawi wako wa D&D toleo la tano (ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) yuko levo ya 3, kila kikao anaanguka, sloti (nafasi zake za kutupa speli, yaani uchawi, kwa siku) zinaisha pambano la kwanza, halafu unabaki unamwangalia mpiganaji mwenye panga anafyeka watu kana kwamba yeye ndo katunukiwa uchawi. Umeuliza ubadilishe klasi (aina ya mhusika) au la. Usibadilishe kwanza. Mimi mchawi wangu wa kwanza alikufa kikao cha pili, tena kifo cha kijinga kabisa, kwa hiyo naongea kama mtu aliyezika.

Ilikuwa hivi. Levo ya 1, pointi za uhai 7 tu, maana mchawi anaanza na 6 na ustahimilivu wangu ulikuwa unaongeza 1. Nikaona goblini watatu wamesimama pamoja, nikakumbuka nina Burning Hands, inachoma futi 15 mbele yako, nikakimbia hadi mbele ya mpiganaji wetu ili niwapate wote. Wawili wakaungua, wa tatu akajinusuru akabaki na uhai kidogo, na nyuma yao kulikuwa na wapiga mishale ambao sikuwauliza hata kama wapo. Mishale miwili, chini. Kikao kikaisha wenzangu wanacheka mimi natengeneza mhusika mpya.

Nilichokuja kuelewa baadaye sana ni kwamba nilikuwa nahesabu kitu kisicho changu. Nilikuwa nahesabu damage, yaani pointi za uhai ninazomtoa adui. Chukua ogre, lile jitu kubwa, kwa kanuni za 2014 ana pointi 59 za uhai. Speli ya Magic Missile kwa sloti ya levo ya kwanza ni mishale mitatu, kila mmoja dadu ya pande nne jumlisha moja, kwa wastani unamtoa kama 10. Yaani umechoma sloti nzima na ogre bado ana 49 na sasa anajua unakaa wapi. Mpiganaji anakaribia hizo 10 kwa upanga tu, bure, kila zamu, siku nzima. Huko huwezi kumshinda na wala hutakiwi kumshinda.

Cha kuhesabu ni zamu za adui ulizomnyima. Adui akipoteza zamu, hajampiga mtu, na timu yako imepata zamu ya bure juu yake. Ukianza kuangalia speli kwa jicho hilo unashangaa jinsi kitabu chako kinavyobadilika, vitu ulivyoona vya kipuuzi vinapanda juu na vile vya moto na radi vinashuka.

Mfano ni Web, ambayo levo ya 3 unaruhusiwa kuwa nayo. Tulikuwa kwenye korido nyembamba, ogre wawili wanakuja, nikajaza utando kati ya kuta. Ogre ni mzito, dadu ya wepesi inamnyima mara nyingi kuliko inavyompa, wote wawili wakanasa. Sasa ili ajinasue anatumia tendo lake zima kuvutana na utando, na akishindwa zamu imekwenda. Aliyenasa kila anayempiga anarusha dadu mbili anachukua kubwa, na yeye akipiga anarusha mbili anachukua ndogo. Nadhani walipoteza zamu tano kwa jumla, kwa sloti moja, na mimi sikumgusa mtu hata kidogo. Mpiganaji ndo aliyewaua na ndo aliyejisifu. Sawa tu, ajisifu.

(Angalizo: utando unawaka moto. Mwizi wa timu yetu alikuja na mwenge mkononi, sitaki kuliongelea hilo.)

Kitu kingine kilichoniua sana ni umakini, ile kanuni kwamba baadhi ya speli zinataka uzishikilie kichwani na huwezi kushikilia mbili. Web ni mojawapo. Nimewahi kuweka Web safi kabisa halafu zamu inayofuata kwa msisimko nikatupa speli nyingine ya umakini, ya kwanza ikayeyuka hapohapo na maadui wakatoka wakiwa na hasira. Na ukipigwa unarusha dadu ya ustahimilivu, unatafuta 10 au nusu ya damage uliyopata, ipi ni kubwa, ukikosa speli imekufa. Kwa hiyo mchawi anayeshikilia speli kubwa akimaliza kuiweka anarudi nyuma ya nguzo, nyuma ya mlango, nyuma ya mtu mnene mwenye ngao. Watu wanaona aibu kujificha, mimi sijui kwa nini, hiyo ndo kazi yenyewe.

Sleep, speli ya kulaza, nayo kwa kanuni za 2014 ni hatari levo za mwanzo, unarusha dadu tano za pande nane, wastani 22 na kitu, na goblini ana 7, kwa hiyo watatu wanalala bila hata kurusha dadu ya kujinusuru. Kanuni za 2024 zimeibadilisha, sasa wanajinusuru kwa hekima, so angalia mnatumia kitabu kipi. Ila hiyo ya zamani inaanza na mwenye uhai mdogo kuliko wote ndani ya eneo, na haiulizi ni rafiki au adui. Tulikuwa na mwenzetu amebakiwa na pointi 3 katikati ya maadui, nikatupa Sleep nikijiona fundi, akalala wa kwanza. Akaniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Sasa bajeti. Levo ya 3 una sloti 4 za levo ya kwanza na 2 za levo ya pili, jumla 6, na hizo ni za siku nzima sio za pambano. Moja inaliwa asubuhi na Mage Armor, ile speli ya kukulinda mwili, inakaa masaa 8 na haitaki umakini, hiyo usiibanie. Mbili weka akiba kwa ajili ya Shield, ambayo unaitoa pale unapoambiwa umepigwa, inaongeza ulinzi 5 hadi zamu yako ijayo. Zimebaki tatu. Ukizijua ni tatu, hutazitupa kwa goblini mmoja aliyejeruhiwa, utarusha Fire Bolt yako ya bure isiyokula sloti kama watu wengine. Halafu Arcane Recovery, naona hujaitaja kabisa, mara moja kwa siku mkipumzika lile saa moja unarudisha sloti, kwa levo yako ni mbili za kwanza au moja ya pili. Watu wengi wanaisahau halafu wanalia klasi mbovu.

Find Familiar, speli ya kuita mnyama msaidizi, umesema unayo lakini hujawahi kuitumia kwa sababu inachukua saa nzima. Aisee! Chukua bundi. Hawezi kushambulia ila anaweza kumsaidia mwenzako, akishuka akamzuga adui, shambulio linalofuata la mpiganaji linarushwa kwa dadu mbili, halafu anaruka zake na adui hapati nafasi ya kumpiga akiondoka. Kila zamu, bila sloti, maana ni speli ya tambiko. Ukiifanya kitambiko ongeza dakika 10 juu ya ile saa, na wala huhitaji kuiandaa (kuichagua asubuhi kati ya speli za siku hiyo), iwepo kitabuni tu. Akifa unachoma tena mkaa na ubani wa dhahabu 10 anarudi. Detect Magic, ya kugundua uchawi, nayo ni tambiko hivyohivyo, usipoteze nafasi ya kuiandaa.

Na hela usinunulie silaha. Hati ya kichawi unayookota, kama ni ya speli ya mchawi na ya levo unayoiweza, unaweza kujaribu kuinakili kitabuni kwa dhahabu 50 na masaa 2 kwa kila levo ya speli, hapo ndo mchawi anapowaacha wengine wote. Tengeneza na nakala ya kitabu uifiche, mimi changu kiliwahi kuangukia mtoni na zile siku zilizofuata nilikuwa mzee mwenye fimbo tu.

Kuhusu Witch Bolt, ile speli ya radi uliyoniuliza mwishoni: kwa kanuni za 2014 inataka umakini, inataka tendo lako kila zamu, inafika futi 30 tu, na adui akijisogeza mbali imekatika. Kesho asubuhi ukiandaa zako 6, hiyo iache kitabuni uweke Web, na useme umeamka karibu na mlango.