Magnesiamu kwenye kliniki ya kisukari: kwa mnaoanza kazi Mwanza

Wadogo zangu mnaoanza zamu kliniki, haitapita muda mgonjwa atawawekea mezani kopo la vidonge vya magnesiamu, akisema aliyemuuzia kamwambia vinaponya sukari. Msimkaripie. Soma kilichoandikwa kwenye kopo, kisha muulize: ugali anaokula ni wa unga gani, anameza dawa zipi, na usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo.

Hilo la haja ndogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Sukari ikizidi kwenye damu, figo huimwaga pamoja na maji mengi, na magnesiamu huondoka humo humo. Huko kwenye seli nako, kipokezi cha insulini kinahitaji magnesiamu ili kifanye kazi sawasawa. Ikipungua, insulini hulemewa, sukari hupanda, mgonjwa anakojoa zaidi, na magnesiamu inazidi kupotea. Kwa hiyo kwa mgonjwa ambaye sukari yake haijatulia, kuishusha ndiyo njia ya kwanza ya kuokoa magnesiamu yake. Vidonge vinafuata baadaye, tena kama upungufu upo kweli. Chama cha Kisukari cha Marekani hakishauri kumpa kila mwenye kisukari virutubisho vya aina hii, nami nakubaliana nacho.

Majibu ya maabara yasomeni kwa uangalifu. Chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili iko kwenye majimaji ya damu. Zaidi ya nusu imo kwenye mifupa. Kipimo kinaweza kuwa cha kawaida huku akiba imepungua. Na mkikutana na potasiamu inayogoma kupanda ingawa mgonjwa anapewa, pimeni magnesiamu.

Sasa chakula, ambako mnaweza kusaidia watu wengi bila gharama kubwa. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 400 hadi 420 kwa siku, mwanamke 310 hadi 320. Mahindi yakikobolewa, pumba na kiini huondoka, na sehemu kubwa ya magnesiamu huenda navyo. Ndiyo maana nawasihi wagonjwa warudi kwenye dona. Wengi huona dona ni chakula cha shida, kwa hiyo zungumzeni nao kwa heshima, hasa wazee. Ugali wa muhogo tunaoupenda huku Kanda ya Ziwa una magnesiamu kidogo, kwa hiyo mboga ndiyo ifidie: mchicha, majani ya kunde, choroko, maharage, na karanga za kuunga. Gramu 100 za karanga zina miligramu kama 170, na mbegu za maboga, ambazo nyumba nyingi huzitupa, zinapita 500. Dagaa wa soko la Mwaloni ni wazuri, ila sifa yao kubwa ni protini na kalsiamu. Mwambieni mama anayepika kwamba dona nayo inapandisha sukari. Tonge lipungue, mboga iongezeke.

Kwenye dawa, tafuteni zile za kukojosha wanazopewa wenye presha, na omeprazoli iliyomezwa miaka mingi kwa ajili ya tumbo. Zote zinaweza kushusha magnesiamu. Msimwachishe mgonjwa dawa. Andikeni kwenye faili na mwambieni daktari.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni figo. Kisukari huziharibu kimyakimya, na figo dhaifu haziwezi kutoa magnesiamu iliyozidi. Ikirundikana, misuli hulegea, pumzi hupungua, moyo huenda polepole. Wenzetu wa wodi ya wazazi wanaijua hatari hiyo: kabla ya kumwongezea mama mwenye kifafa cha mimba dozi ya salfeti ya magnesiamu, huangalia upumuaji, mshtuko wa goti (kama mguu unaruka goti likigongwa) na kiasi cha mkojo. Nanyi fanyeni vivyo hivyo kwa kiwango cha kliniki: kabla ya kumruhusu mtu aendelee na vidonge alivyonunua mtaani, ulizeni kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, ilipimwa lini na ilisomaje. Kama haijapimwa, vidonge visimame, damu ichukuliwe siku hiyo hiyo.