Kabla Hujauza Shamba kwa Sababu ya Siku ya Mwisho

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniandikia kwamba kaka yake ameacha useremala, amewatoa watoto shuleni na sasa anashinikiza shamba la urithi liuzwe, kwa kuwa kiongozi wa ibada yao ametaja mwezi ambao dunia itafika ukomo. Namjibu hapa, kwa sababu jambo hili liliwahi kuingia nyumbani kwetu.

Mwaka 1999 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mkoani Kagera. Mhubiri mmoja mgeni alifundisha kwamba mwaka 2000 hautafika, na baba yangu, ambaye kwa kilimo hakuwa na mpinzani pale kijijini, akamwamini. Vuli ile hatukupanda maharage. Magugu yaliota kati ya migomba hadi magotini, na majembe yakabaki yameegemea ukuta wa stoo huku mvua nzuri ikinyesha. Baba alipotaka kuuza kibanja, nilimshauri mama twende kwa baba mkubwa, na hilo najivunia hadi leo. Mzee alisema kwamba kibanja ni cha ukoo, kisha akamuuliza mdogo wake: ikiwa dunia inakwisha, huyo mnunuzi ana haraka gani ya kununua? Baba hakujibu. Januari tulinunua maharage kwa majirani waliopanda, na mhubiri alikwishahama na sadaka zetu bila kuaga. Bado inaniuma.

Wengine yaliwafika makubwa zaidi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada, baada ya mwisho waliotabiriwa na viongozi wao kupita bila kutokea. Wengi walikuwa wameuza mali zao na kulikabidhi kundi fedha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi walikufa kwa njaa wakiamini kwamba kufunga kutawafikisha kwa Yesu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimkejeli kaka yako kwa kuamini Kiyama, maana Wakristo na Waislamu wote tunakiamini. Mbane kwenye tarehe. Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile haijui mtu, hata malaika, na Kurani, sura ya 7 aya ya 187, inasema ujuzi wa Saa hiyo uko kwa Mola peke yake. Anayedai kuijua amejipa cheo ambacho malaika hawana. Wathesalonike, Wakristo wa kale, nao walikuwa na watu walioacha kazi, na mtume Paulo akawaambia asiyetaka kufanya kazi asile. Tumwogope Mungu, jamani, tusiwaogope wenye kalenda!

Hati ya shamba ikae kwa mzee anayeheshimika katika ukoo, na watoto warudishwe shuleni hata kama ni kwa msaada wa serikali ya mtaa. Kaka yako akikataza hospitali au chakula, usingoje kikao cha familia, nenda polisi.

Tarehe ikishapita, mpokee bila kumsimanga. Marekani, baada ya 22 Oktoba 1844, siku ambayo wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Kristo, baadhi yao walikuwa wameacha mazao shambani bila kuvunwa, na walirudi kwa majirani waliowacheka. Kaka yako atahitaji randa na msumeno wake, usikubali viuzwe.