Mshahara wa dada wako wa kazi anapokea nani?

Kuna kitu nilifanya 2019 mpaka leo nikikikumbuka nanyamaza. Nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili, likizo inaisha, nyumbani Tabata hakuna mtu, mama mmoja tunasali nae akaniambia kuna shangazi analeta wadada kutoka Singida, wazuri hawana maneno. Nikatuma nauli, siku ya tatu nikaenda kumpokea binti stendi ya Ubungo. Miaka 18, shangazi akasema, mdogo wa mwili tu.

Mwili tu eti. Tusidanganyane, mtu mwenye shida na dada haulizi sana.

Mshahara nilikuwa namrushia shangazi kwenye simu kila mwezi, alisema binti akishika hela mjini ataharibika, alafu na nauli lazima ikatwe (nauli niliyolipa mimi!!). Nikaona huyu mama anajali kweli. Kama miezi mitano hivi. Siku moja tunachambua mchele nikamuuliza tu, la saba ulimaliza lini? Mwaka jana. Nikapiga hesabu nikaishiwa nguvu, huyu ni mtoto wa miaka 14 jamani. Namba ya mama yake hana, karatasi aliyoandikiwa hiyo namba, shangazi aliichukua njiani. Mama tulimpata kupitia mwalimu wa shule yake ya msingi, na alichojua yeye ni kwamba binti yuko Dar anasomea cherehani. Shangazi nae kumbe hata undugu hakuna. Hiyo ndo usafirishaji haramu wa binadamu, sheria yake ipo tangu 2008, mi nilidhani ni ya wanaopelekwa Uarabuni tu.

Na nilijiona mwema, simpigi, anakula tunachokula. Ila anaamka saa kumi na moja alfajiri anapumzika saa nne usiku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu, ikizidi masaa sita kwa siku ni unyonyaji, na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi hafanyi kazi kabisa. Nilivunja yote.

Kwa hiyo ukiletewa dada usimuulize umri, umri kashafundishwa kwenye basi. Muulize la saba kamaliza lini, mdogo wake yuko darasa la ngapi. Piga simu kwa mama au baba mwenyewe binti akiwa pembeni, wape simu wasalimiane, utajua tu kama ni mzazi. Hela mpe mkononi.

Kwa jirani ndo pagumu. Kipigo utakisikia, ila mengine hayana kelele, binti anachota maji saa za shule, ukimsalimia anaangalia mlangoni kwanza, ukimuuliza kwao anajibu maneno yaleyale kila siku kama anasoma shairi. Usiende kugombana na mwenye nyumba, mtaani kwetu mtu alifanya hivo, asubuhi binti hayupo, kahamishiwa nyumba nyingine hakuna anayejua wapi. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi. Mwenyekiti wa mtaa nae aambiwe, labda kama ni mshkaji wa huyo bosi.

Binti alirudi kwao, nikamlipa mshahara wa miezi yote upya. Shangazi nilimpigia nikiwa nimejipanga kumsema, akapokea vizuri tu, hata sijafika mbali akaniuliza kama nataka mwingine.