Polipu imeshatoka, kwa nini wakate utumbo?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 61, alitolewa polipu kwa kolonoskopi. Ripoti inasema ni saratani ya T1, imeingia submukosa milimita 1.4, kingo safi. Daktari wa upasuaji anataka kukata kipande cha utumbo "kwa sababu ya tezi". Saratani si imeshatoka?

JIBU: Marahaba. Polipu, kile kinyama kilichoota ndani ya utumbo, ndiyo iliyotoka. Tezi za limfu ziko nje ya ukuta wa utumbo, kolonoskopi, ile kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana, haizifikii. Kwenye T1, yaani saratani iliyoishia submukosa, tabaka lililo chini ya utando wa ndani wa utumbo, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi huwa na saratani kwenye tezi hizo, na sisi wa patholojia ndio tunaomtafuta huyo mmoja kwa hadubini.

Hiyo 1.4 imewashtua kwa sababu ni namba. Miongozo ya Japani huweka mpaka kwenye milimita 1, lakini kina peke yake ni ushahidi hafifu. Pasipo dalili nyingine mbaya, hatari hushuka hadi asilimia chache tu. Mimi huanza na mishipa: je, kuna seli za saratani ndani ya mshipa wa limfu au wa damu? Hapo ndipo penye mitego. Tishu husinyaa maabara na kuacha mwanya kuzunguka kundi la seli, ukadhani ni mshipa. Rangi ya D2-40, inayoonyesha kuta za mishipa ya limfu, husaidia kuamua.

Kisha machipukizi, yaani seli moja moja au vikundi visivyozidi seli nne vilivyojitenga kwenye ukingo ambako saratani inasonga mbele. Huhesabiwa yalipojaa zaidi, katika milimita za mraba 0.785: 0 hadi 4 ni Bd1 (Bd ni kifupi cha "budding", machipukizi), 5 hadi 9 ni Bd2, 10 na zaidi ni Bd3. Kuanzia Bd2 nami huanza kuwa na wasiwasi. Daraja la saratani, yaani seli zilivyopotoka kutoka umbo la kawaida, nalo lina uzito, hasa seli zikishapoteza umbo la vijitezi (si zile tezi za limfu, Kiswahili kinatuchanganya hapa).

Ulichonitajia hakigusi mishipa, machipukizi wala daraja. Kabla baba hajasaini fomu, ombeni maabara ikamilishe ripoti. Vibonge vya nta vilivyohifadhi polipu vikiwapo, hukatwa upya na kupakwa rangi. Ulizeni pia kama polipu ilitoka nzima. Ikiwa ilitoka vipande vipande, hizo "kingo safi", yaani kutoonekana saratani pale ilipokatwa, nisingezitegemea.

Ikionekana dalili mbaya kwenye mishipa, machipukizi au daraja, daktari wenu yuko sahihi. Isipoonekana, kaeni naye mlinganishe hatari hiyo ndogo na hali ya moyo na mapafu ya mzee.