Muvi inauza kitabu? Nilichokiona kwenye turubai langu la vitabu, Posta

Mkuu ameuliza kama akiba yake aiweke kwenye riwaya za Kiingereza za fantasia na za kisayansi ambazo filamu zake ziko njiani, aje aziuze muvi ikitoka. Ngoja nimjibu kwa kirefu, maana hela ya aina hiyo nimeshaichoma. Nauza vitabu vya mtumba hapa Posta, Dar, mwaka wa 12 huu.

Muvi inauza, hilo halina ubishi. Ila inauza kitabu kimoja, na kwa muda mfupi kuliko unavyodhani.

Chukua Dune, riwaya ya kisayansi. Frank Herbert aliitoa 1965 baada ya wachapishaji zaidi ya 20 kuikataa, mpaka ikaokolewa na kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa vitabu vya ufundi wa magari. Mwanzoni nilikuwa na nakala moja, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Ilikaa turubaini miaka mitatu, asubuhi naipangusa vumbi, jioni naifunga na wenzake. Ndani niliiandika kwa penseli 3,000. Trela ilipoanza kuzunguka kwenye simu za watu, filamu yenyewe hata haijatoka, akaja dada mmoja akailipia 12,000 bila kuomba apunguziwe. Ukisubiri muvi ifike ukumbini ndiyo uanze kutafuta mzigo, umechelewa.

Filamu ya 2021 ilikwenda kama nusu ya hadithi ikakatikia hapo, na sehemu ya pili ikaja 2024. Katikati ni miaka zaidi ya miwili ya watu wenye kiu. Hicho ndicho kipindi nilichouza kweli. Kijana mmoja wa Unguja, mwanafunzi wa chuo, alichuchumaa akafungua kurasa za mwisho ambako kuna kamusi ya maneno ya humo. Akakuta hajj, akakuta mahdi, akakuta auliya. Akacheka peke yake, kisha akaniambia, "Kaka, huyu Mzungu kachukua maneno ya madrasa kaenda nayo angani." Akalipa. Sidhani kama angekiinua kitabu kile kama asingeiona filamu, lakini nina uhakika filamu peke yake isingemfanya alipe. Alikuta kitu ambacho kwenye kioo hakikuwepo.

Nikavimba kichwa. Nikaagiza nakala 15 za vitabu vya mbele vya mfululizo huohuo, Children of Dune na God Emperor of Dune. Zimetoka 2. Mteja wa muvi anataka kile alichokiona, chenye jina lilelile na ikiwezekana sura ya mwigizaji kwenye jalada. (Wasomaji wenyewe, wale wakongwe, jalada la muvi hawalitaki hata bure. Wanataka la zamani.)

The Lord of the Rings imenionyesha jambo hilohilo. Tolkien aliandika riwaya moja, ikatolewa kwa vipande vitatu 1954 na 1955, na filamu zikaja 2001 hadi 2003. Ninapofungua mafurushi kutoka Uingereza nakutana sana na nakala za enzi za filamu. Tazama mgongo wa kitabu: umekunjamana robo ya mwanzo tu, kuanzia hapo umenyooka kama haujawahi kuguswa. Mwenyewe alinunua kwa moto wa muvi, njiani akachoka. Ndiyo maana kipande cha kwanza kinatoka haraka, na cha tatu nabaki nacho.

Na hapo kuna tatizo letu sisi wa mtumba. Mzungu ananunua mwaka wa filamu, anakaa nacho, halafu anakitoa sadaka. Mpaka kinatua bandarini kwetu imepita miaka miwili mitatu. Watu wakikitaka sina, nikiwa nacho wameshahamia kwingine.

Sizoni za televisheni ni afadhali, kwa sababu kila mwaka zinaamsha kiu upya. Game of Thrones ilianza Aprili 2011 wakati kitabu cha kwanza kilikuwa sokoni tangu 1996, na mimi nilikula kwayo miaka kadhaa. Usumbufu ni kwamba jina hilo ni la kitabu cha kwanza tu, basi kila siku nilikuwa naeleza kwa nini cha pili kinaitwa vingine. Cha tatu, toleo la Uingereza la jalada laini, kimegawanywa mara mbili. Kuna mzee alirudi kunigombeza akidai nimemuuzia nusu kitabu! Na kweli ilikuwa nusu. Sizoni ya mwisho ilipoisha Mei 2019 watu wakasusa, na wiki ile ile wateja wa vitabu hivyo wakakatika.

Kwa hiyo mkuu, ukiamua kuagiza, agiza kitabu cha kwanza tu, nakala chache, trela ikiwa bado haijatoka, na iwe hadithi ambayo filamu yake itaishia njiani. Mtaji wote usiuweke huko, changanya na vitabu vya shule.

Zile nakala 13 za Dune za mbele zilizobaki bado ninazo. Ukizitaka nakuachia kwa bei niliyonunulia.