Sardinia na Corsica kwa gari-nyumba: chagua kisiwa kimoja

Dada, umeuliza kama siku kumi za Agosti zinatosha kuzunguka Sardinia (kisiwa cha Italia) na Corsica (cha Ufaransa, jirani yake kaskazini) kwa gari-nyumba. Hazitoshi. Baki Sardinia, na ukipata ruhusa kazini nenda Juni au Septemba; Agosti Waitalia wenyewe wako likizo na feri hujaa mapema.

Panda feri ya usiku Livorno, bandari ya Italia bara, ushuke Olbia, Sardinia, asubuhi, kisha shika barabara ya SS125 kuelekea kusini. Kati ya Dorgali na Baunei inapanda milimani, kona juu ya kona. Usiendeshe umechoka, na vyombo vifungie kabatini (mimi nilivunja sahani tatu). Ukifika Alghero, pwani ya magharibi, mji wa kale usiingize gari: vichochoro ni vyembamba, kamera zinakusubiri, na faini itakufuata hadi nyumbani. Egesha nje, utembee.

Waambie watoto mchanga wa ufukweni haubebwi. Faini yake huanzia euro 500.

Corsica ikikuvuta sana, feri ya kutoka Santa Teresa Gallura, kaskazini mwa Sardinia, hadi Bonifacio, upande wa Corsica, ni kama saa moja. Acha gari bandarini, vuka kwa miguu, rudi jioni.