Jibu: Droni tatu za kunasa mlipuko wa baruti Tanga

Mkuu, huyo muuzaji wa droni usimlipe. Kama umeshatoa nusu, bembeleza urudishiwe.

Unasema anakuahidi droni tatu, kila moja na kinasa sauti chake, zisimame angani kati ya Raskazone na Ulenge, baruti ikilia kompyuta ikuonyeshe wavuvi haramu walipo, "kama jeshi linavyosaka mizinga ya adui". Maneno hayo nayajua. Niliuziwa na jamaa huyohuyo au pacha wake, mwenye shati la mifuko mingi na video za Ukraine kwenye simu.

Habari ya saa hakuigusa. Mahali pa mlipuko panapatikana kwa kulinganisha sauti imefika wapi kwanza na kwingine imechelewa kiasi gani. Hewani sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Droni mbili zikiachana mita 400, tofauti kubwa kabisa inayowezekana ni sekunde 1.2 hivi. Mimi vinasa nilivitegea saa kwa mkono, kwa kuchungulia simu! Vikapishana nusu sekunde, hesabu yote ikageuka ramli. Nikaituma boti ya doria kuelekea Kisiwa cha Toten, mafuta yangu, kifua mbele. Tukamkuta mzee anatega madema, akatuuliza kama tumepotea. Wapiga baruti wakati huo labda walishauza samaki. Mpaka leo nikipita Deep Sea, kwenye mwalo wa samaki, naitwa Jenerali.

Nilipompigia muuzaji, akasingizia kusi. Kusi! Upepo unapotosha sauti, sawa, lakini haukutega saa zangu.

Na hilo jeshi analolitaja? Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia William Lawrence Bragg aliisaka mizinga ya Wajerumani kwa maikrofoni zilizotandazwa mbalimbali, lakini waya zote zilirudi kwenye kinasa kimoja, filamu moja. Hapakuwa na saa mbili za kugombana. Wewe angani huna waya, kwa hiyo kila kinasa kifuate mapigo ya GPS, yaani saa ya setilaiti, na mapigo yaingie ndani ya rekodi yenyewe. Jina la faili lenye saa na dakika ni pambo. Saa kwanza, droni baadaye.

Uliuliza na betri na kibali, subiri kwanza. Mwambie akuletee vinasa vitatu, viweke meza moja, washa, piga kofi. Viache saa nzima vikirekodi, piga tena. Kofi la pili likipishana kati ya kinasa na kinasa hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, umeshapoteza mita 34 ukiwa sebuleni, na huko baharini zitazaa.